Bi Alganesh, Gesho Yake na Mita Yangu

Jumatatu, Megabit 9
Bili ya maji imekuja. Uniti ishirini na nane. Mwezi uliopita tisa. Tuko wawili tu, mimi na mke wangu Tsigereda, binti yetu Meron ameshaolewa, tena ni mfungo wa Kwaresima, hata sufuria za nyama za kusugua hakuna. Tsigereda akasema nikasome mita kabla ya kulia. Nikamwambia mita husomwa na watu wa mita. Akasema basi na bili ilipwe na watu wa bili.

Jumanne, Megabit 10
Nimesoma mita. Nikapata uniti laki kadhaa, nikakaa chini. Tsigereda akaja, akanionyesha: uniti ni namba nyeusi, nyekundu ni lita tu. Tukatoa namba ya mwezi uliopita, zikabaki ishirini na nane na ushee. Bili haijakosea. Maji yamepita kweli.

Yamepita kwenda wapi? Leo zamu yetu ya maji, nilikuwa najaza madumu nikatupa jicho ukutani. Upande wa pili ni kwa Bi Alganesh, mjane anayepika pombe ya tela na kuiuza nyumbani. Kiangazi hiki, mtaa mzima vumbi, lakini gesho yake, yale majani anayotia kwenye pombe, imenawiri inang'aa. Na pombe inataka maji.

Ijumaa, Megabit 13
Zamu tena. Nilingoja tangi la juu ya paa lijae, nikafunga mabomba yote, hata la chooni. Nikachuchumaa mbele ya mita. Kisahani kinazunguka. Nikajua. Kuna mtu kaunga bomba chini ya ukuta.

Jumapili, Megabit 15
Kikao cha idiri, chama chetu cha mazishi. Nilisimama nikasema humu ndani kuna mtu anakunywa kwenye bomba la mwenzake. Bi Alganesh akauliza ni nani. Sikumtaja, nilimtazama tu. Akasema, "Jirani, mama yako alipofariki nilikaa jikoni kwako siku tatu. Ningetaka maji yako ningeyabeba siku zile, ulikuwa unalia, usingeona."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Aliondoka, kahawa hajamaliza.

Mzee Wubshet, mwenyekiti, amenipa wiki moja. Nilete ushahidi, au nikaombe msamaha na jiwe shingoni kama desturi. Nikikataa yote mawili, jina langu linafutwa idirini. Nani atanizika? Tsigereda amesema yeye peke yake hawezi, mgongo unamsumbua.

Jumanne, Megabit 17
Nimechimba kando ya ukuta kutafuta bomba la wizi. Nikakuta tope. Nikafuata unyevu, ukapanda ukutani, ukapanda mpaka paani. Kwangu. Maji yanamwagika kutoka tangi langu.

Nikapanda ngazi. Boya linalofunga maji tangi likijaa limefungwa kamba. Fundo ni langu. Nilifunga mimi mwezi uliopita, kwa sababu niliona boya linafunga mapema na kutupunja zamu yetu. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa tangi linajaa, linafurika, linanywesha gesho ya Bi Alganesh. Kwa bili yangu.

Tsigereda alikata kamba kwa kisu cha vitunguu. Mita ikasimama. Akaniuliza naenda lini kuomba msamaha. Nikasema nafikiria.

Alhamisi, Megabit 19
Hili naliandika kwa aibu. Nimenunua kipande cha bomba kuukuu. Nilitaka kukifukia chini ya ukuta, kisha nikichimbue mbele ya Mzee Wubshet. Tsigereda alikiona chini ya koti. Akasema, "Baba Meron, ukishakifukia, koleo litunze, maana idiri haitakuja kukufukia wewe."
Nimekirudisha dukani.

Jumapili, Megabit 22
Nilichagua jiwe dogo. Mzee Wubshet akalitazama, akasema hilo ni la kusagia pilipili, nenda kalete jiwe. Nikaleta lile linalozuia geti.

Niliinama mlangoni kwa Bi Alganesh, jiwe shingoni. Nikasema yote: kamba, tangi, hata kile kipande cha bomba. Akaniacha hivyo hivyo, akamaliza kwanza kuchuja tela. Kisha akauliza ni uniti ngapi zilizomwagika kwake. Nikasema kumi na tisa. Akasema, "Ndiyo maana wateja wanasifia tela ya mwezi huu. Ungeniambia, jirani, ningekuwa nakuombea." Akalitua jiwe kwa mikono yake.

Nikabusu magoti yake. Akanimiminia kikombe, nikakimaliza kwa mkupuo mmoja. Jina langu lipo. Nitazikwa kama watu. Nimelala mchana kutwa, shingo inauma, moyo mwepesi.

Ijumaa, Megabit 27
Tangi limejaa, boya limefunga, mita kimya. Sasa naielewa bili kuliko mtu yeyote mtaani. Kila asubuhi nasoma namba nyeusi na kuandika. Kwa kuwa najua, nimeanza kuwasomea na majirani bure, hata wasioomba.

Leo nimesoma ya Mzee Wubshet. Uniti nne kwa mwezi. Nyumba ya watu saba! Na sabuni wananunua, nimeuliza dukani.

Sasa hayo maji mengine wanayatoa wapi? Tsigereda anasema huenda wana kisima. Kisima sijakiona. Jumapili kuna kikao. Nitasimama mapema, kabla kahawa haijamiminwa.