Kuhusu Shavu la Mguu Wangu na Kikosi cha Jumamosi

Kwa Bwana Seth,
Mwenyekiti, Klabu ya Maveterani wa Mbaraki

Ndugu Mwenyekiti,

Jana saa nne asubuhi, Bi. Zakiya, mtaalamu wa viungo mwenye kliniki Mji wa Kale, alisema kwamba msuli wa shavu la mguu wangu wa kulia umechanika na kwamba nisikanyage uwanja kwa wiki sita. Saa sita mchana ulibandika orodha ya kikosi cha Jumamosi dhidi ya maveterani wa Liwatoni, na jina langu halimo. Kwa saa mbili hizo kamati haikunipigia hata simu ya kunisikiza.

Kwa ratiba yetu, wiki sita hizo zina mechi tatu. Kanuni ya tisa ya klabu yetu inasema anayekosa mechi tatu mfululizo huhamishiwa orodha ya Washauri. Nawajua Washauri. Hupiga makofi timu yoyote inapofunga, na hakuna anayewaomba ushauri. Nina miaka hamsini na sita na siko tayari kuwa mmoja wao. Kwa hivyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Jumamosi iliyopita, saa kumi kasorobo, kocha wetu Bwana Jaffar alituambia tujipashe moto kwa dakika kumi na tano. Nilitii. Nilikwenda kwa muuza kahawa aliye langoni, nikajipasha kwa vikombe vitano vya kahawa tungu na kipande cha kashata. Kufikia dakika ya kumi na tatu nilikuwa natokwa na jasho. Wenzangu walikuwa wakikimbia polepole, wakiinua magoti na kuzungusha nyonga, nami nikawachukulia kuwa watu wasiopenda kahawa. Nilipomweleza kocha baadaye, alisema, "Mwili, ami, si tumbo." Naomba ieleweke kwamba agizo likiwa na maana mbili, wa kulaumiwa ni aliyelitoa.

2. Niliingia dakika ya sitini na moja, baada ya kukaa benchi saa nzima. Kwa saa ya mwamuzi, nilicheza sekunde tisa. Nilichomoka kuufuata mpira, nikahisi kishindo nyuma ya mguu, nikaanguka. Nilimtuhumu mchezaji aliyekuwa karibu nami kuliko wote kwamba amenipiga teke, nikataka apewe kadi nyekundu. Mchezaji huyo ni Baya, kipa wetu sisi, na alikuwa umbali wa mita kumi na nane.

Bi. Zakiya ana maelezo mengine. "Mzee Mung'aro, hakuna aliyekupiga. Msuli uliopoa ukiushtua hukatika, na mwenyewe huhisi teke." Anasema wagonjwa wake wengi wa umri wetu hugeuka nyuma kumtafuta mpigaji, na kwamba hata aliyejipasha vizuri, akishakaa benchi saa nzima, hana budi kuanza upya kabla ya kuingia. Naiheshimu taaluma yake. Lakini nimeripoti michezo miaka ishirini na tisa, na sijawahi kumwandika majeruhi aliyejipiga teke mwenyewe. Katika taarifa ya mechi niliandika "mchezaji mmoja mkongwe" na kuliacha jina.

3. Mtu wa huduma ya kwanza aliniambia niweke barafu. Hakusema vipi. Nilipelekwa Liwatoni, kwenye bandari ya wavuvi, nikanunua bonge la barafu ya samaki, nikalifunga moja kwa moja kwenye ngozi kwa saa moja na nusu. Sasa najua kwamba barafu hufungwa kwa kitambaa na kuondolewa baada ya dakika kumi na tano. Wakati huo nilikuwa na jeraha la pili, la ngozi kuungua kwa baridi, na lilinuka samaki, changu hasa. Kesho yake nilijikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, kama nilivyolelewa. Mguu ukavimba maradufu. Kumbe siku mbili tatu za mwanzo mguu hauchuliwi wala haukandwi kwa moto.

4. Nimelipitia daftari la huduma ya kwanza tangu Januari. Tumepata majeraha kumi na moja: vifundo vitano vilivyoteguka, magoti mawili, misuli minne. Wote kumi na mmoja walikuwa wakikimbia, wakiruka au wakigeuka. Miongoni mwa waliosimama tu sikupata hata mmoja.

Kwa ushahidi huo naomba nirudishwe kikosini Jumamosi. Nitasimama katikati ya uwanja bila kusogea, na mpira uletwe nilipo. Liwatoni wakiona ni upendeleo, nao wamsimamishe mmoja wao. Kamati ikiona bado si haki, wachezaji wote ishirini na wawili wasimame. Mechi itaisha bila jeraha na, nakiri, bila bao. Kwa mechi zetu nne zilizopita, hiyo ingekuwa hatua mbele.

Naishia hapa nikitumaini majibu kabla ya Ijumaa. Nisalimie kamati yote, Bwana Jaffar, na Baya, ambaye nimeshamwomba radhi mara mbili na bado haipokei simu yangu.

Wako katika mchezo,
Morris Mung'aro
Ganjoni

Tanbihi: Mke wangu Jacinta, niliyemwomba alete barua hii, ameisoma kwanza. Akasema, "Baba Kate, Zakiya alitaka uinuke kwa vidole vya mguu huo peke yake mara ishirini na tano kabla ya kurudi uwanjani. Inuka, nahesabu." Nilifika tatu. Ya nne nilishika kabati, na kabati likaja nami. Ombi langu naliondoa, pamoja na hoja zake zote nne. Niandike Washauri. Jacinta anaileta barua hivyo hivyo, kwa sababu anasema kamati nayo inahitaji kucheka. Mazoezi yangu na Bi. Zakiya yanaanza Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi.