Ombi la Kumwacha Mume Wangu Nyumbani Jumamosi

Kwako Shemeji Gordon,
Msemaji wa Ujumbe Wetu wa Posa,
Kipkelion.

Shemeji mpendwa,

Kwa heshima yote ninayokupa kama kaka mkubwa wa mume wangu, naomba Phelix asiende kwenye posa Ndanai Jumamosi. Najua yeye ndiye baba wa bwana harusi. Nisome kwanza.

Sababu ni visanduku. Wewe ulimwacha akiwa mtu wa kawaida, anapanga kuni za boila kwa kiwanda cha majani chai. Siku moja akapasua gogo, akaona mti una mawimbi ndani, akaleta kipande nyumbani na kunitengenezea kisanduku cha hereni. Sitadanganya, kilikuwa kizuri. Yale mawimbi yanapanda kutoka ubavuni mpaka kwenye kifuniko bila kukatika mahali. Nikakisifu. Hilo ndilo kosa langu la pekee katika barua hii.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwiko wangu wa ugali, niliopewa na mama, sasa ni kifuniko. Meza ya sebuleni imepoteza mguu na imeegemea ukuta. Nikiuliza, naambiwa mti ule ulikuwa unateseka kwa kufanywa mguu.

2. Kidole. Mti mkavu huficha uzuri wake. Ukiupaka maji kidogo, mawimbi yanajitokeza. Mafundi wengine hutumia kitambaa. Mume wangu hulamba kidole, tena popote. Mwezi wa tatu, mchungaji akiwa amefumba macho akiwaita wanaotaka kuokoka, Phelix alitembea mpaka mbele akaipaka mimbari mate. Mchungaji kufungua macho, akamwekea mikono. Akina mama wakapiga vigelegele. Yeye, ambaye amekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na tisa, akaokoka upya, maana aliona haya kukataa.

3. Mazishi ya Mwalimu Atuti, hapa Chepilat. Tulikuwa kwa foleni ya kumuaga marehemu. Phelix kufika kwa jeneza, kidole kikaingia mdomoni, kikasugua kona ya kifuniko. Wakipsigis waliokuwa nyuma yake wakafikiri hiyo ni mila ya Wajaluo. Wajaluo wakafikiri ni mila ya Wakisii. Wakisii, wenye mazishi yao, wakaona wageni wanatoa heshima, wangekataaje? Watu mia mbili walilamba vidole, Shemeji. Mpaka chifu! Wiki iliyofuata kukawa na mazishi mengine, na jambo lenyewe lilikuwa limechapishwa kwa programu, baada ya hotuba: Kugusa kwa Kidole, Wote. Jameni!

4. Sasa Ndanai. Mzee Kipkosgei, babake bibi harusi wetu Cheptoo, hukalia kiti alichoachiwa na babu yake, cha mzeituni wa porini. Nilikiona nilipopeleka salamu. Kina mawimbi mpaka miguuni. Wazee wa kule huongea polepole na hawasahau kitu. Je, Phelix akilamba kidole na kukipitisha chini ya mkwe mwenzake aliyeketi, nani atatupa Cheptoo? Owiti ana miaka thelathini na tatu. Amempenda huyo msichana miaka mitano, na sina mtoto mwingine. Naogopa, Shemeji. Naogopa kweli.

Kwa hivyo naomba Phelix abaki. Ikishindikana, avae glavu za daktari wa ng'ombe, zile zinazofika begani. Ikishindikana, akalishwe kwenye kiti cha plastiki katikati ya malisho. Na hata hiyo ikikataa, uwaombe wenyeji kwa upole wafunike Ndanai yote kwa turubai mpaka tuondoke.

Nisalimie Mama Molly, watoto, na majirani wote wa hapo stesheni. Mwambie mahindi yalifika, na gunia lake nitalirudisha.

Ni mimi shemeji yako, kwa unyenyekevu na wasiwasi,

Syprose Akello (Mama Owiti)

N.B. Niliandika haya jana. Leo asubuhi kabla sijafunga bahasha, pikipiki imeingia uani ikiwa imembeba Mzee Kipkosgei mwenyewe, amekumbatia kisiki. Anasema amekiweka darini miaka kumi na minane, na kila mtu kwake humwambia akichome. Cheptoo ndiye amemweleza kwamba huku kuna mtu atakielewa. Wueh! Wako kwenye kibanda cha Phelix mpaka saa hii, wote wawili wamejaa vumbi la msasa, chai imepoa mara tatu. Maneno ya ng'ombe wa mahari waliyamaliza nikichuja chai ya pili. Owiti amepewa mke, nami nimelia jikoni peke yangu kwa furaha. Mzee ameapa kwamba Jumamosi hafungulii mtu lango kama Phelix hayuko mbele. Pikapu ya kutupeleka Ndanai nayo imeshajaa vitu vyake: misumeno, randa, na meza ya kufanyia kazi. Kwa hivyo Shemeji, ikiwa ni lazima mtu mmoja abaki nyumbani, naomba uwe wewe.