Dola Isiyochanika

Jumatatu, 9 Juni

Noti ya mke wangu Mushiya imekataliwa tena. Dola mia, imechanika pembeni kidogo tu, kama ukucha. Aliificha ndani ya kitenge cha bluu. Niliikuta wiki moja baada ya kumzika. Mama Bilkisi, kambisti anayebadilisha noti sokoni, aliiinua juani. Akaniita tata, yaani mzee, akasema iliyopasuka ni themanini hata ikitoka mbinguni. Mushiya hauzwi kwa punguzo! Nikairudisha kwenye kitenge.

Si neno. Dola mia ya kaburi lake iko salama kwenye simu, katika Tulia. Sarafu isiyo na benki wala mkurugenzi. Tulia moja ni dola moja, daima. Haichaniki! Jumamosi tunaondoa kilio cha mwaka, matanga yaishe, na kabla ya hapo fundi Kisimba lazima aweke vigae. Shemeji Barnabé, kaka wa Mushiya, ameuliza mara tatu kama feza iko. Nimesema iko.

Jumanne, 10 Juni

Habari kubwa! Tulia ilikuwa kwenye mnyororo mmoja tu, yaani daftari moja la mtandaoni linaloandikwa na kompyuta za watu wengi. Sasa inaenea kwenye minyororo mitatu. Kikundi cha Tulia kwenye simu kinatafuta wajumbe. Nimejiteua mjumbe wa Lualaba. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyejibu pia.

Mpango: Rachid wa malori na wateja wake wa Kasaji wanalipana kwenye mnyororo wa pili. Anajidai sana. Nikiingia huko na Tulia kabla ya yeyote, nitapata zawadi ya mjumbe, na kaburi litakuwa la marumaru. Mushiya alipenda vitu vinavyopanguswa.

Barnabé akasema kuponi ya kantini moja hailipi kantini nyingine. Nikamwambia ndiyo maana kuna daraja kati ya minyororo. Akauliza limejengwa na nani. Alifanya kazi kwenye reli, hawezi kuacha kuuliza habari za madaraja.

Alhamisi, 12 Juni

Nimevuka! Tulia zote mia. Dakika kumi. Nilifagia uwanja mara mbili nikisubiri. Zikatokea ng'ambo, mia kamili. Nikakimbia kwa Rachid.

Alitazama simu yangu, akaita madereva wake nao watazame. Akasema: tata mujumbe, huku uko peke yako. Anayenunua Tulia ni mtu mmoja tu, na anatoa senti themanini. Nikamweleza kwamba sarafu ni ile ile. Akasema noti ya marehemu nayo ni dola ile ile, mbona inalala kwenye kitenge? Dereva mmoja alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

Daraja la kurudi litafunguliwa mwezi ujao. Hilo sikulisoma. Maandishi yalikuwa madogo.

Nikaenda kwa Mama Bilkisi. Anazijua sarafu za simu. Alichukua simu, akaiinua juani kama noti. Akasema hii imepita daraja, tata, imepasuka. Themanini.

Nilikataa, bila shaka.

Ijumaa, 13 Juni

Kisimba amekaa makaburini tangu asubuhi, juu ya mfuko wa saruji. Anasema hatabandika kigae hata kimoja bila noti mkononi. Barnabé haniulizi tena kitu. Hilo ni baya zaidi.

Nimefungua kitenge. Nikaenda kwa Mama Bilkisi, nikasema sawa, themanini. Akauliza kama noti hii ni ya yule mama wa maandazi. Nikasema ndiyo. Akasema yeye alipojifungua, Mushiya alimletea uji siku arobaini na hakukubali malipo. Akanihesabia mia. Akasema nikimwambia mtu, biashara yake imekufa. Ninaandika hapa tu.

Kitenge kimebaki kitupu. Nimekikunja kama alivyokikunja yeye, mara tatu.

Jumamosi, 14 Juni

Kaburi linang'aa. Nimelipangusa kwa mkono wa shati. Watu wamefika mpaka kutoka Mutoshi. Barnabé alinikumbatia mbele ya wote, akasema shemeji, umetuheshimisha. Akanitumia kwenye simu michango yote ya chakula, ninunue kuku na kumlipa Mama Agnès anayepika. Wali na kuku, saa nane.

Kuku bila soda? Mushiya hakupenda mgeni anywe maji matupu. Na leo hii hii, saa nne, mnyororo wa tatu umefunguliwa! Wa kwanza kuingia anapewa zawadi. Huko hakuna mtu bado, kwa hiyo hakuna wa kuniambia kwamba imechanika. Nimenunua Tulia kwa michango yote, nikavusha.

Dakika kumi, walisema. Sasa ni saa nane kasoro robo. Wageni wananawa mikono. Mama Agnès amekuja nyuma ya nyumba na sufuria tupu, anauliza kuku wako wapi.

Nimemwambia ukweli. Wako darajani.