Kunguni wa Mradi na Jina Langu Kwenye Kibao

Kasimiro Candia,
Logiri, Vurra.

Kwa Mratibu,
Mradi wa Soya na Kunde,
Arua.

Mheshimiwa Mratibu, pamoja na wote wanaokalia viti vya ofisi hiyo,

Anayekuandikia si mtu wa kuulizwa ni nani. Kutoka Vurra mpaka Oraba, ukitaja Kasimiro watu husogeza kiti hata kama sijafika. Nilipokuwa kazini pale mpakani Oraba, nikielekeza malori, lori la kwenda Juba halikurudi nyuma bila kuona mkono wangu. Kuna siku niliumwa malaria nikalala nyumbani, na foleni ikafika karibu na Koboko mjini, madereva wamezima injini wananisubiri nipone. Shule niliacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa amemaliza yale aliyoyajua. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue barua hii imetoka juu.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Malalamiko yakiandikwa kwa Kilugbara yanakuwa ugomvi wa nyumbani, na kwa Kiingereza yanakuwa ripoti. Kiswahili ni lugha ambayo mtu akiisikia anasimama wima kwanza, halafu ndiyo anauliza kosa lake.

Shida yangu ni kibao chenu, kunguni wa shambani wanaoishi chini yake, na Jumamosi hii inayokuja. Nimeyapanga kwa namba ili karani wako asipotee.

1. Namna nilivyopewa cheo. Mvua zilipoanza alikuja Daisy, yule binti wenu mwenye pikipiki. Akatukuta mimi na jirani yangu Umaru tumekaa. Akatueleza kwamba mradi unatafuta majirani wawili wenye udongo mmoja: mmoja apige soya yake dawa ya wadudu, mwingine asipige kabisa, ili wakulima waje waone tofauti kwa macho. Akasema wazi kwamba kile kipande kisichopigwa dawa ndicho muhimu kuliko vyote, maana bila hicho hakuna atakayejua kama dawa inafanya kazi. Umaru akafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshasimama kabla mdomo haujafunguka wote. Penye kitu muhimu kuliko vyote, Mheshimiwa, sijazoea kukaa nyuma. Nikaweka sahihi ndefu. Hakuna aliyenifafanulia kwamba umuhimu wenyewe ni wa kuliwa.

Kisha mkaleta vibao viwili. Cha Umaru kina jina lake na chini yake kimeandikwa kwamba amepiga dawa. Changu kina KASIMIRO CANDIA kwa herufi nyekundu ambazo mtu wa kwenye basi anazisoma bila miwani, na chini yake, kwa herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa ya macho, kwamba hapa hakuna dawa kwa ajili ya mafunzo. Kwa muda nilikipenda kibao hicho. Nilikuwa nakifuta vumbi kila jioni.

2. Wadudu wenyewe. Kunguni wa kijani, wale wanaonuka ukiwagusa, wamefyonza maganda mpaka punje zimebaki kama kucha za mtoto. Viwavi wanatoboa ganda, wanaingia, wanajifungia humo kama wana kodi iliyolipwa. Kwenye mstari wa kunde niliopanda pembeni, vidukari weusi wamejaa hivi kwamba shina linaonekana limevaa soksi.

Kati yangu na Umaru iko kamba moja tu ya katani. Umaru akivaa bomba la dawa mgongoni asubuhi, kufika mchana kunguni wake wote wamevuka kamba. Hawaji kwa fujo. Wanakuja polepole, kama watumishi waliohamishwa kituo. Mimi nasimama nawatazama, maana masharti yenu yanasema nisipige dawa, nisiue, nisitoe mdudu hata mmoja, hesabu ya Daisy isiharibike.

Sasa nauliza kwa heshima. Kunguni aliyefukuzwa na dawa ya mradi, akaingia shamba la mradi, akakaa chini ya kibao cha mradi, huyo ni wa nani? Kwa akili yangu ni mfanyakazi wenu, na mimi ndiye ninayempikia. Mgeni akilala kwangu, hata awe mkubwa namna gani, asubuhi huniaga. Hawa hawajaaga, na ninyi hamjashukuru.

3. Soda. Mnaleta wakulima kwa gari, kutoka kila upande. Wanaanzia kwangu. Daisy anawauliza wameona nini, nao wanajibu pamoja kama kwaya kwamba wameona hasara. Wanapiga picha. Juzi mama mmoja aliinua mkono akaniombea, kwa jina langu, akilisoma kwenye kibao, na wenzake wakasema amina. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na jembe. Baada ya hapo wanavuka kamba kwenda kwa Umaru, wanapiga makofi, na huko ndiko kunakofunguliwa soda na chapati. Tangu mvua zianze sijawahi kupewa soda ya mradi. Ninayefundisha somo gumu nakaa na kiu, na mwenye somo rahisi anatoa gesi puani.

Ningeweza kuvumilia mpaka hapo. Mtu mkubwa huzoea kutoeleweka. Lakini sasa nafika kwenye namba iliyonifanya nikanunue karatasi.

4. Wakwe. Nina kijana anaitwa Aliga, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi. Anataka kumwoa Night, binti wa Mzee Lokule wa Abuku, kule Koboko. Msemaji wa upande wetu ni mimi, kwa sababu mwingine nani. Tulipokwenda Abuku kwa mazungumzo ya kwanza nilizungumza vizuri mpaka chai ikapoa vikombeni. Niliwaeleza hali ya nyumba atakayoingia binti yao. Niliwaeleza kwamba soya yangu imeshonana hivi kwamba mbuzi wa jirani aliingia humo akiwa mdogo na akatoka akiwa na watoto. Mzee Lokule alicheka. Dada yake, Mama Mariam Poni, ambaye ndiye shangazi wa binti, hakucheka, lakini nilidhani ni meno yanamuuma.

Wiki iliyopita gari lenu lilishusha kikundi cha wakulima wa Abuku. Wa tatu kushuka alikuwa Mzee Lokule. Wa nne alikuwa shangazi.

Mimi sikukimbia, kama watu wengine wanavyosema. Nilikwenda kuangalia kitu upande wa pili wa mihogo, na kutoka huko nilisikia kila neno. Shangazi alikisoma kibao, akamgeukia Daisy akamuuliza: "Kasimiro huyu, iko ule mwenye alikuja kwetu na maneno mingi?"

Daisy, ambaye mradi unamlipa aseme ukweli, akakubali.

Shangazi akatazama soya kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasema: "Sasa mutoto yetu atakula nini hapa, kibao?"

Kikundi kizima kilicheka, na dereva wenu pia, naomba aonywe. Mzee Lokule hakucheka wakati huu. Alichuma ganda moja, akalipasua kwa kidole, akaona halina kitu, akalitia kwenye mfuko wa shati. Amekwenda nalo Abuku, Mheshimiwa. Ganda langu tupu limelala nyumbani kwa wakwe.

5. Jibu lao, na kijana. Niliwapigia simu jioni ileile. Nilimweleza shangazi kwa utulivu kwamba shamba lile si uvivu bali ni elimu, kwamba nimeagizwa na mradi nisiguse mdudu, na kwamba mimi ni muhimu kuliko Umaru. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilinipa moyo. Halafu akajibu: "Mutu anakatazwa kulinda chakula yake, anasema ndiyo. Musichana yetu atalinda namna gani?"

Akasema watakuja Logiri Jumamosi hii kuangalia nyumba wenyewe, na hapo ndipo watakaposema kama mazungumzo yanaendelea au yameisha. Night amemwambia Aliga kwamba yeye haolewi na soya. Lakini kwetu na kwao, shangazi akifunga mlango, binti hana ufunguo.

Aliga hali vizuri tangu siku hiyo. Nilimkuta alfajiri katikati ya mistari ameinama, anaokota kunguni kwa mkono mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Kopo lilikuwa karibu kujaa, na mikono yake inanuka mpaka leo. Nikamkumbusha kwamba nimeweka sahihi. Nikamwamuru awarudishe. Aliwamwaga kwenye soya bila kuniangalia, akapita kando yangu akaenda zake. Hajawahi kunilaumu kwa mdomo, kijana yule, na sasa naona ingekuwa nafuu kama angelaumu. Mimi nilibaki pale nikiwatazama kunguni wanapanda tena, kila mmoja kwenye ganda lake, na nikajisikia mtu wa sheria, na sikujisikia vizuri.

6. Ninayoyadai. Nimeyafikiria sana, na nimeyapunguza.

Kwanza, kibao changu king'olewe kabla ya Jumamosi asubuhi. Kama mradi hauwezi kukaa bila kibao, basi jina libaki Umaru kote kuwili. Yeye ana watoto wa kike tu, hatakwenda kuposa binti wa mtu, jina lake linaweza kustahimili.

Pili, kama kung'oa hakuwezekani, wadudu wahamishiwe kwa Umaru kwa siku hiyo moja. Njia wanaijua, na kamba ni ileile. Jumapili warudi, nitawapokea.

Tatu, niandikiwe barua yenye mhuri ikisema kwamba Bwana Kasimiro Candia ameliwa kwa amri, na si kwa hiari yake.

Nne, na hili ndilo kubwa, uje mwenyewe Jumamosi. Uvae koti. Ukae upande wetu, kulia kwangu, kama mlezi wa kijana, kwa sababu aliyeharibu jina la ukoo naye ni wa ukoo. Nikishamaliza kusema wewe uitikie kwa kichwa. Shangazi akiuliza kuhusu soya, wewe ndiye utakayejibu, kwa Kiingereza, kwa muda mrefu.

Usipofanya lolote kati ya haya, nitaandika kwa mkubwa wako, na kwa mkubwa wa mkubwa wako, na nitawaeleza wakulima wote wa wilaya kwamba kunguni wanafugwa na ofisi.

Nifikishie salamu kwa wafanyakazi wote. Msalimie Daisy, sina kinyongo naye. Wasalimie mlinzi wa geti, mama anayepika chai ya ofisi, na karani atakayeifungua barua hii, na umwambie aisome taratibu. Dereva simsalimii mpaka aonywe. Umaru anawasalimu pia, ingawa sijamwambia kama naandika.

Naweka kalamu chini, nikiwa bado yule mnayemtegemea zaidi,

Kasimiro Candia
Mwenye kipande kilicho muhimu kuliko vyote

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Mke wangu Betty akaniomba nimsomee, nikamsomea, naye akaniuliza swali moja tu: wakwe watakuja kwa njia gani. Nilikuwa sijalifikiria. Mvua imekata barabara ya mbele, kwa hiyo gari litawashusha kanisani, nao watapanda kwa miguu na kutokea nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba iko soya yangu nyingine, Mheshimiwa. Hiyo si ya mradi. Haina kibao wala masharti, na hakuna mtu aliyenikataza kupiga dawa, kuua, wala kuokota. Daisy aliniachia hata bomba la dawa, nikawaazima kuku boksi lake watagie ndani. Soya hiyo iko mbaya kuliko ile ya barabarani. Ile angalau kunguni wameiachia majani.

Kwa hiyo naomba namba moja mpaka sita zisomwe lakini zisitekelezwe. Kibao kisiguswe. Na kama stoo ya ofisi iko na kingine, chenye maneno yaleyale, mpe Daisy anifikishie kabla ya Jumamosi. Mti wa kukipigilia ninao, na shimo nimeshachimba nyuma ya nyumba.