Mfuo Kichwani mwa Kamusi

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa baiolojia ameleta ubongo wa plasta. Siku ya wazazi mwanafunzi mmoja atasimama nao na kuueleza. Mmoja tu! Darasa zima likamgeukia Kamusi, yule msichana wa dawati la mbele. Hata akikohoa anakohoa kwa ufasaha. Roho imeniuma. Mwalimu amesema ataangalia nani atalieleza vizuri zaidi, Ijumaa, neno “sulcus”: ile mifereji ya juu ya ubongo.

Jumanne, 4 Machi
Maktaba. Nimelipata! Kilatini: mfuo unaoachwa na plau shambani. Ikiwa mingi, “sulci”. Ubongo umelimwa! Kitabu nimekificha nyuma ya atlasi. Huu si wizi. Bado kimo maktabani.

Jumatano, 5 Machi
Kamusi amezunguka rafu mara nne. Akaniuliza kwa upole kama nimekiona kile kitabu cha asili ya maneno. Nikasema sijui. Siri ikanikaba. Nimemwambia dada peke yake, saluni kwake, akifagia nywele. Akauliza, yaani mdogo wangu, ubongo nao unasukwa? Nikamwambia unalimwa! Nikamwapisha asimwambie mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi mbele ya kioo. Nilitisha. Dada amechelewa kurudi. Alikuwa na kichwa kigumu cha kusuka, anasema, mistari ya kupindapinda. Sikuuliza.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Kamusi kaingia na nywele zilizosukwa kama ubongo wenyewe. Akainama mbele ya darasa, akapitisha kalamu kati ya misuko: huu ni sulcus, mfuo wa plau, yote hii ni sulci. Makofi! Zamu yangu nikasema neno moja: “Vilevile.” Mwalimu akasema asante, keti. Kamusi akaninong’oneza kwamba dada yangu ana mkono mwepesi, na mdomo pia.
Dada kajitetea: aliapa kutomwambia mtu. Yule alikuwa kichwa.

Jumamosi, 8 Machi
Kamusi anahitaji msaidizi, wa kueleza “gyrus”, yale matuta kati ya mifuo. Msaidizi wake! Mimi! Lakini nitaeleza vizuri hadi wamsahau. Asili ya neno nimeshaipata. Safari hii nimekuwa mwangalifu: nimemwambia dada peke yake, na ameapa kutomwambia mtu wala kichwa. Ameapa harakaharaka, maana mteja alikuwa kitini tayari, amejifunika taulo, anaandika kitu kwenye daftari.