Marehemu Anadaiwa Laki Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekufa. Saa nne asubuhi, bila kukusudia.

Nilikuwa studio nampiga picha ya pasipoti mzee mmoja asiyeweza kufunga mdomo. Simu ikalia. Nikapokea nikidhani ni mteja. Kumbe yule mwanamke wa kampuni ya kukusanya madeni! Sauti laini kama anabembeleza mtoto, maneno misumari mitupu. Nimembatiza Bi Asali.

Anataka laki tisa. Laki tisa! Benki ilinipa kadi ya mkopo, nikanunua makochi ya ngozi na friji ya milango miwili. Laki tano tu. Hizo nne zimetoka wapi? Riba, anasema. Na faini. Na faini ya kuchelewesha faini! Sungura hawazai hivyo.

Damu ikanichemka. Nikamwambia huyo anayemtafuta amefariki.

Halafu akanipa pole. Pole nzuri kweli, mpaka machozi yakanilengalenga. Akauliza anaongea na nani. Nikasema mdogo wake marehemu. Akasema Mungu awatie nguvu, akakata.

Kwisha! Deni limezikwa na mwenyewe. Sijui kwa nini watu wanahangaika kulipa.

Mzee wa pasipoti aliondoka bila kungoja chenji.

Jumanne, 4 Machi

Nina nundu kichwani. Nitaeleza.

Jana Bi Asali hakuishia kwangu. Alimpigia mke wangu kazini, kwenye kiwanda cha kushona sare, kumpa pole na kumuuliza ni nani atakayesimamia mali ya marehemu. Mke wangu alipiga ukelele mmoja, vyerehani vyote vikanyamaza. Wenzake wakamlaza chini, wakamvua viatu, wakampepea kwa kola za mashati. Rambirambi ikachangwa hapo hapo. Msimamizi akatoa gari la kazini limrudishe nyumbani.

Alinikuta kwenye kochi, miguu juu, nakula muhogo.

Nilidhani atafurahi. Mume yu hai! Badala yake nikapigwa mkoba wa kichwa, na ndani ya mkoba mlikuwa na mkasi na chupa ya maji. Alisema maneno mengi. La mwisho ndilo lililoniuma: “Watu hukopa harusi wakalipa matanga. Wewe umeanzia kwenye matanga!”

Leo amerudi kazini kurudisha pesa za watu, mmoja mmoja, huku akieleza. Mkata vitambaa alikataa kuzipokea. Alimwambia akae nazo tu, kwa mume wa namna ile hazitakaa muda mrefu bila kazi.

Mwanamke hata hanijui!

Shemeji naye, kaka yake mke wangu, alifika analia. Aliponiona nimesimama mlangoni, akaacha kulia. Naapa uso wake ulionyesha kuvunjika moyo.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha familia. Yaani mke wangu na kaka yake upande mmoja, mimi upande wa pili kama mwizi wa kuku.

Shemeji mwaka jana alimaliza deni lake la kadi kwa kulipa nusu. Tangu siku hiyo hana hadithi nyingine. Msibani nusu, harusini nusu. Namwita Bwana Nusu. Leo alinifundisha kama mtoto wa chekechea: nenda mwenyewe, sema ukweli, omba kulipa kwa mkupuo mmoja wakupunguzie, na usitoe hata senti kabla hawajakuandikia kwamba deni limekwisha.

Mimi, kufundishwa na mtu niliyemfunga tai siku ya harusi yake!

Mke wangu akasema kama dalali wa mahakama atakuja kubeba vitu, yeye atatoka mlango wa nyuma na cherehani yake, na hatarudi.

Sawa. Nitakwenda. Lakini sitalipa nusu. Nitalipa theluthi, halafu tuone nani atapiga hadithi harusini.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango: umaskini. Nilivaa shati lililokatika kola, suruali ya kupakia rangi, ndala mbili zisizofanana. Sikunyoa. Nilijitazama kwenye kioo cha studio nikajionea huruma.

Ofisi yao iko ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Wanadai watu pesa, lifti hawatengenezi! Nilifika juu nahema, jambo ambalo lilisaidia. Bi Asali mwenyewe ni mama mfupi, ana miwani iliyofungwa gundi, na feni inayompeperushia makaratasi. Nilitarajia jitu.

Nilimweleza biashara imekufa. Wateja hakuna. Nakunywa chai kavu. Nilikuwa nimefika kwenye ugonjwa wa mgongo aliponigeuzia simu yake. Ukurasa wa studio yangu! Picha yangu ndani ya suti, na maandishi niliyoyaandika kwa mkono wangu wiki iliyopita: *Biashara inapaa! Tumenunua kamera mpya! Asanteni wateja wetu!*

Nikasema hayo ni matangazo tu. Akasema anajua. Halafu akaniambia, kwa upole uleule unaokera, kwamba nikilipa asilimia sitini kabla ya mwisho wa mwezi, iliyobaki itafutwa.

Nikasema thelathini. Akasema hamsini na tano, na hapo ndipo mwisho wa uwezo wake kwa mtu ambaye faili lake linasomeka marehemu.

Ningekubali? Bwana Nusu angenicheka mpaka kaburini! Nilipiga meza. Feni ikaanguka. Nilitoka kwa hasira, ndala moja ikabaki. Sikurudi kuifuata. Mtu ana heshima yake.

Jumatatu, 10 Machi

Wanasheria! Hicho ndicho wanachokiogopa watu hawa. Kwa kuwa sina pesa ya mwanasheria, nikawa mwanasheria.

Niliweka leso kwenye simu, nikaifanya sauti nzito. Nikajitambulisha kuwa wakili wa upande wa mdaiwa. Nikataja vifungu. Nikataja ibara. Nikasema mteja wangu ameumizwa sana kisaikolojia na kwamba tutakubali kulipa asilimia ishirini, kwa shingo upande.

Bi Asali alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: “Pole na mafua, marehemu.”

Kisha akaniarifu kwamba keshokutwa faili linakwenda kwa wakili wao. Wa kweli. Mahakama ikitoa amri, dalali ataanza na kamera.

Nimevunja leso. Leso haivunjiki, lakini nimejaribu. Wezi! Wanyonyaji! Kamera yangu! Mke wangu alisikia kelele akauliza kuna nini. Nikasema mambo yanakwenda vizuri.

Alinitazama sana.

Jumatano, 12 Machi

Yamekwisha. Bila mimi!

Mke wangu aliomba ruhusa kazini akaenda mwenyewe ghorofa ya tatu. Hakuvaa ndala. Alivaa nguo zake za kawaida, akasema ukweli wote: mshahara wake, kodi ya nyumba, studio inaingiza nini, mimi nikoje. Nasikia kwenye hilo la mwisho walikaa sana. Bi Asali alimwagizia chai. Alimweleza kwamba bosi wake alimfokea mbele ya ofisi nzima kwa kuandika mtu kafa wakati anatangaza kamera.

Wakakubaliana asilimia arobaini na tano. Akadai barua kwanza. Ikapigwa muhuri. Akalipa.

Nikamuuliza pesa kazitoa wapi. Alikaa kwenye kochi la ngozi, akang'oa uzi kwenye mkono wa gauni lake. Akasema alikuwa anaweka ya cherehani ya kudarizi. Alitaka kuacha kiwanda mwaka huu. Basi. Hakufoka. Ningependa angefoka.

Sikujua habari ya hiyo cherehani. Nilijisikia mdogo kama kifungo cha shati la mtoto.

Halafu hasira ikanirudia. Kwa nini yeye arobaini na tano na mimi hamsini na tano? Nikampigia Bi Asali kulalamika. Huu si ubaguzi? Akajibu: “Mkeo hajafa hata mara moja.” Akakata.

Lakini ngoja. Arobaini na tano. Ni chini ya nusu!

Nilikwenda kwa Bwana Nusu mbio, hata chakula sikula. Akauliza nani aliyejadiliana nao. Nikamwambia familia. Uso wake ulisinyaa. Ah, raha!

Jumamosi, 15 Machi

Nimepata wazo. Nchi imejaa watu wanaodaiwa na hawajui kuzungumza na wadai. Mimi ninajua! Nafungua ofisi ya ushauri wa madeni pale pale studio, nyuma ya pazia. Faida ya mwezi wa kwanza, cherehani ya kudarizi. Nitamshangaza.

Lakini mshauri hawezi kukalia kiti cha plastiki. Inatakiwa meza ya maana na kiti cha kuzunguka. Bahati nzuri duka la samani la mtaa wa pili linatoa kadi yake lenyewe. Unachukua leo, unalipa taratibu. Nilijaza karatasi yao nikiwa nimesimama.

Jibu limetoka jioni. Kikomo cha mkopo: laki moja. Laki moja! Hata meza haitoshi, nitanunua miguu yake tu! Nilimwita meneja mbele ya wateja wote nikampasha. Jumatatu nafungua mlango pamoja nao, na sitoki mpaka wafike laki tano.

Dharau gani hii? Wananichukulia kama mtu asiyelipa madeni?