Walii Aliyenyoa Ndevu

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Daftari hili kanitumia binti yangu wa mwisho. Kasema, Baba, andika safari yako yote, usiache kitu. Sawa. Darasa la tatu sikulimaliza, lakini kalamu inanisikia.

Jumapili binti huyo anaolewa, huko ng'ambo anakofanya kazi ya uuguzi. Mama yake keshatangulia huko kusaidia maandalizi. Mimi ndiye walii. Sheikh hawezi kufungisha ndoa mpaka nitamke mimi, au nimpe mtu wakala atamke badala yangu. Na mtu mwenyewe ni nani? Mdogo wangu, fundi cherehani, tunayemwita Kipimo. Afadhali nimeze patasi.

Kipimo ninasafiri naye. Alipanda ndege mara moja, miaka kumi na moja iliyopita, na tangu siku hiyo hajashuka. Ukitaja mvua, atakueleza mawingu yalivyo kwa juu.

Leo kaja na maneno. Eti uwanja wa ndege watu wa dini yetu tunatazamwa kwa jicho la pembeni. Jirani yetu, mstaafu wa posta, alikalishwa saa tatu nzima kwa sababu ya ndevu na kofia. Akakosa ndege, akakosa na maziko ya dada yake. Saa tatu! Ndege yetu ni Jumamosi asubuhi. Nikichelewa, binti yangu ataozwa na mpima suruali.

Kipimo kasema dawa ni subira na kujibu kwa kifupi. Nikamwambia hiyo ni dawa ya mafundi cherehani. Mimi nimechimba visima miaka arobaini. Mwamba ukikataa mbele, unauzunguka. Nina mpango.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Nimenyoa! Ndevu za miaka thelathini! Kinyozi aliniuliza mara tatu kama nina homa. Nilipotazama kioo nikamwona marehemu mama. Nusura nimwamkie.

Suti nimeazima kwa mwalimu mkuu mstaafu. Tai nyekundu. Kofia nimeikunja ndani ya soksi, chini kabisa ya sanduku. Tasbihi inabaki nyumbani. Nilipoitundika msumarini kitu kikanichoma moyoni. Nikatoka chumbani haraka.

Kipimo kaja jioni. Kabisha hodi, kaniamkia shikamoo, kauliza kama mwenye nyumba yupo. Ushindi! Ndugu yangu wa tumbo moja! Alipogundua alicheka hadi akashika ukuta. Kasema hata nikijipaka chokaa watanijua. Wivu tu. Yeye anakwenda na kanzu, kofia na lile devu linalofika kifuani. Watakapomweka pembeni nitampungia mkono.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Naandika kwenye benchi la uwanja wa ndege. Ni mchana. Ndege imeondoka. Nitaeleza.

Kwanza jengo. Sijapata kuona! Paa liko juu kiasi kwamba ndege wa kweli wamejenga viota ndani, wanaruka kama wako porini. Ngazi zinapanda zenyewe, watu wamesimama juu yake kama mizigo. Nilipanda mara mbili. Mara ya tatu Kipimo akanivuta mkono.

Kwenye foleni ya ukaguzi wakawatoa pembeni wanawake wawili wa hijabu, mzee mwenye mkongojo na kofia, na Kipimo. Mzee akauliza kosa. Akajibiwa hakuna kosa, ni bahati nasibu, mashine inachagua yenyewe. Bahati nasibu gani hii inayojua kofia? Lakini mimi nilipita kifua mbele. Nikampungia Kipimo mkono.

Mkaguzi akafungua pasipoti yangu. Akasoma jina. Jina langu lina mitume wawili na swahaba mmoja. Nilinyoa ndevu, jina sikulinyoa! Akatazama picha. Picha ina ndevu, ina kofia. Akanitazama mimi. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita mkubwa wao.

Chumba kidogo, hakina dirisha. Kipimo chumba cha pili aliulizwa maswali manne, akajibu ndiyo, hapana, ndiyo, harusi. Robo saa akatoka. Mimi wakaniuliza kwa nini nimenyoa. Nikasema, ili msinishuku. Mkubwa akaweka kalamu chini.

Akauliza kazi yangu. Kipimo alikuwa ameniusia niseme mstaafu. Mstaafu! Kama mtu aliyekaa barazani maisha yake yote! Nikamweleza visima vyangu sitini na viwili. Nikamweleza na ninavyotega baruti kwenye mwamba, mlipuko mmoja tu, jiwe linapasuka kama mkate. Nikamwambia hajazaliwa fundi wa kunifikia.

Wakaingia wengine wawili.

Wakanivua tai, mkanda, viatu. Wakanifuta viganja kwa kitambaa, wakakiingiza kwenye mashine ya kunusa baruti, mashine ikakosa la kusema. Kijana wa umri wa mjukuu wangu akanipapasa kiunoni na mapajani, huku mwenzake anatazama. Hapo sikuwa na la kujisifia. Nilitazama ukuta.

Halafu wakanisimamisha mikono juu ndani ya kibanda cha vioo. Kumbe kinaona mpaka ndani ya nguo! Wakanionyesha kwenye kioo umbo la mtu, na alama pale pale kwenye kile chuma nilichowekwa mguuni nilipovunjika kwenye kisima cha ishirini. Nilisahau kama nashukiwa. Nikawaomba wanionyeshe na moyo. Wakasema haionyeshi moyo. Bado mashine changa hiyo.

Wakaniachia dakika za mwisho. Nikakimbia viatu mkononi. Nikaingia ndegeni, nikakaa, Kipimo kiti cha nyuma yangu. Injini ikanguruma hata meno yakacheza. Nikaanza kusoma dua ya safari, polepole, midomo tu. Jirani yangu, mama mmoja wa mkufu wa lulu, akauliza nasema nini. Nikamjibu kwa adabu kwamba naongea na Mungu, maana muda si mrefu tutakuwa karibu naye.

Akabonyeza kengele.

Wakaja watatu. Wakasema niteremke. Watu wote waligeuza shingo, mwingine akavuta mtoto wake kifuani. Mtoto mwenyewe alikuwa ananichekea. Kipimo akasimama, akasema kama kaka yake anashuka na yeye anashuka, na kwamba dua ile hata yeye ameisoma. Nikamwamuru akae. Mmoja wetu lazima afike. Akakaa. Macho yake sikuyapenda.

Nikapelekwa dirishani nisubiri. Nilikuwa nimekasirika, nataka kupasua kioo. Mara nikaiona ndege inakimbia. Jengo zima linakimbia, lina watu ndani, lina Kipimo ndani! Nikasema haiwezi. Likainua pua. Likaachana na ardhi taratibu, kama mtu anayeondoa mkono juu ya mtoto aliyelala. Subhana Allah. Nilisimama mdomo wazi mpaka likawa nukta. Imeniacha, na bado nilitaka kuipigia makofi.

Mkubwa wao kaja baadaye. Kasema hakuna kosa lolote, wamenipa ndege ya kesho alfajiri, na pole. Pole aliitamka huku anatazama viatu vyangu.

Binti kapiga simu. Sheikh ana ndoa nyingine kesho alasiri, hatasubiri sana. Ami yake Kipimo atafika leo. Labda nimpe wakala kwa simu, tahadhari tu. Nikamuuliza yeye anataka aozwe na nani. Nikasikia anavuta kamasi. Nikasema simpi mtu wakala. Nakuja.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Nimeruka! Mimi!

Miaka arobaini nimekaa chini ya ardhi. Ukiwa chini kisimani, anga unaliona duara dogo, kama sahani. Leo sahani haina ukingo! Mawingu yako chini, meupe, yana mabonde na vilima, hakuna hata unyayo mmoja. Nilitafuta wa kumwambia. Kipimo hayupo. Dua nilisoma nyuma ya gazeti, na nikafungua ukurasa wa michezo ili wasiwe na wasiwasi.

Ukumbini nimefika adhuhuri imeshapita. Sheikh kasimama, saa mkononi. Bwana harusi kalowa jasho. Kipimo kakaa karibu yake, anasihi wangoje dakika tano tu. Baadaye nimeambiwa alikuwa amesihi hivyo kwa saa nzima.

Nikatangaza kwamba walii nimefika. Sheikh akatazama tai. Akatazama kidevu. Akasema ameambiwa walii ni mzee wa ndevu, mchimba visima, sasa huyu bwana ni nani? Hata mke wangu, mke wangu wa ndoa ya miaka arobaini na minne, alikuwa amenielekeza viti vya wageni wa hospitalini!

Sheikh akataka shahidi. Kipimo akasimama. Alijua utamu wa saa ile. Akanizunguka taratibu kama ananikatia koti. Akasema, sura hii haijui. Ukumbi ukaguna. Akasema labda aongee kidogo asikie. Nikamfokea kwamba mimi ndiye niliyemtoa kisimani akiwa na miaka sita, analia kama mbuzi. Akamgeukia sheikh, akasema basi ndiye, hakuna mwingine duniani wa kumdhalilisha hivi.

Wakacheka mpaka sheikh. Nikashika mkono wa bwana harusi. Kwa mkono huu huu ulioshika sururu na mtaimbo. Maneno ni machache, nimeyajua toka ujanani, lakini yalipanda kama ndoo nzito toka kisimani. Nikatamka. Basi! Pumzi moja ya mzee, na mtoto wangu keshakuwa mke wa mtu. Nimeona ndege ikipanda na nimeona mawingu kwa juu. Hili limeyapita.

Binti alinishika kidevu. Akauliza, Baba, umejifanya nini? Nikamwambia, nilitaka nifike. Akalia begani kwangu. Mimi sikulia. Kiyoyozi kilikuwa kikali.

Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Tunarudi. Uwanjani tumeangukiwa tena na bahati nasibu, mimi na Kipimo. Yeye dakika kumi. Mimi nusu saa, maana huyu mkaguzi hakuwa ameelewa vizuri habari za visima.

Sasa tuko angani. Mimi dirishani, Kipimo upande wa njia, katikati yetu kijana. Sikumpenda toka alipoingia. Shingoni kachorwa nyoka. Kafumba macho, goti linatikisika, midomo inacheza, sauti haitoki. Anasema nini? Na nani? Nikamtupia jicho Kipimo. Kipimo akasema nitazame mawingu yangu. Watu wengine hawana tahadhari.

Nikabonyeza kengele. Dada mhudumu akaja, nikamnong'oneza kwamba huyu si mtu, shingo yake tu inatosha. Akainama, akazungumza naye. Eti kijana anaogopa ndege, anahesabu mpaka mia ili atulie. Eti! Dada akaniomba mimi ndiye niinuke, nimfuate.

Kanipeleka nyuma kabisa, kiti cha peke yangu, mlangoni pa choo. Wameniona mtu wa kutegemewa. Kutoka hapa namwona kijana kahamia dirishani kwangu, Kipimo kamshika mkono, anamwonyesha mawingu yalivyo kwa juu. Waache wazembee. Mimi huku kila anayekwenda chooni namtazama vizuri usoni, na anayekaa sana nabisha hodi.